Nani atathubutu kumwigiza Bushiri?

Uasi wa Masisi na Lubutu, mashariki ya Kongo, wa mwaka 1944 una kila kitu ambacho tamthilia ya televisheni hukitafuta. Ugumu uko kwenye kuamua nani aonekane mwema, na nani atakayetazama.

Picha ya kwanza haihitaji maneno. Ni mwaka 1943, msituni upande wa magharibi wa Masisi. Mwanamume anatokeza kwenye njia ya matope, kikapu cha mpira wa porini kimempinda mgongo. Kapita, msimamizi wa kijiji anayewatumikia Wazungu, anakipokea, anakitundika kwenye mizani, anatikisa kichwa. Uzito haujafika. Nyumbani shamba la ndizi limemezwa na majani, maana siku za kulipalilia zimeishia kwenye mpira.

Picha ya pili ni usiku. Watu wameketi karibu karibu, sauti ziko chini. Mmoja wao anaeleza kwamba utawala wa Mzungu umeandikiwa mwisho, na mwisho wenyewe hauko mbali.

Mpe mwandishi yeyote wa tamthilia mwanzo huo, vipindi kumi vinavyofuata atajiandikia mwenyewe. Lakini uasi ulioongozwa na Bushiri Lungundu bado unaishi kwenye vitabu vya wanahistoria na katika midomo ya wazee. Huenda kijana wa Muheto anaitambua zaidi sura ya Shaka wa Wazulu, aliyoiona kwenye skrini, kuliko anavyolijua jina la Bushiri, ambaye vita vyake vilipiganwa katika wilaya ya kijana huyo.

Muheto iko juu, kwenye vilima vya Masisi. Ukielekea magharibi ardhi inashuka, malisho yanaisha, na msitu wa Walikale unaanza. Leo Masisi ina kilomita za mraba 4,734 na Walikale ina 23,475, kila moja na msimamizi wake. Mwaka 1944 zilikuwa wilaya moja. Walikale ilikatwa na kupewa ofisi zake mwaka 1953. Kwa hiyo anayesimulia habari za Bushiri hawezi kuchagua milima akaacha msitu, wala msitu akaacha milima.

Mpira ulirudi na vita

Kizazi kilichokatwa mikono kwa ajili ya mpira kilidhani balaa hilo limeondoka na Mfalme Leopold II, aliyeiachia serikali ya Ubelgiji Kongo yake mwaka 1908. Haikuwa hivyo. Mapema mwaka 1942 Wajapani waliiteka Malaya, kisha visiwa vya Waholanzi huko Asia, na Washirika wakapoteza mashamba makubwa ya mpira. Macho yakarudi kwenye misitu ya Kongo.

Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilipandisha siku za kazi za lazima vijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Bati lilitakiwa, dhahabu ilitakiwa, chakula cha wafanyakazi wa migodi kilitakiwa, barabara zilitakiwa. Kodi nayo haikusamehewa. Mtu alitakiwa awe mahali patatu kwa siku moja.

Ardhi yenyewe ilikuwa tayari na madai juu yake. Tangu mwaka 1928 shirika la kikoloni la CNKi lilikuwa na mamlaka ya kuwagawia walowezi maeneo makubwa ya Kivu. Kuanzia 1937 Wabelgiji waliwaleta wakulima kutoka Rwanda na kuwakalisha Gishari, huko huko Masisi. Mwandishi wa tamthilia asiyeyajua haya ataandika habari ya mtu mmoja mwenye hasira, na atakuwa amekosea.

Wala Bushiri hakuwa peke yake Kongo nzima. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waligoma Elisabethville wakapigwa risasi. Februari 1944, wakati Masisi inawaka, askari wa Force Publique, jeshi la koloni, waliasi Luluabourg. Wakubwa wa koloni walipenda kuuita uasi wa Masisi wazimu wa dini wa watu wa msituni. Ukiuweka kando ya hayo mengine, unaona nchi nzima iliyokuwa imebanwa mpaka ikakosa pumzi.

> Mwaka 1942 siku za kazi za lazima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka.

Dini hata hivyo ilikuwapo, na ilikuwa na nguvu. Dhehebu la Kitawala lilitokana na mafundisho ya Watch Tower, yaliyohubiriwa Nyasaland na Elliot Kamwana mwaka 1908, yakavuka na wafanyakazi wa migodi hadi Katanga. Mashahidi wa Yehova, wenye jina hilo la Watch Tower, walikana udugu nalo. Waafrika walilifanya la kwao: Mungu habagui rangi, wamisionari wamelificha neno, hukumu iko njiani, na itakapofika, wa juu atashuka na wa chini atapanda.

Wabelgiji walijibu kwa kuwahamisha wahubiri na kuwatupa mbali na kwao. Sijui kama kuna sera nyingine ya kikoloni iliyowasaidia maadui zake kiasi hicho. Kila aliyehamishwa alifika na mafundisho mahali ambapo hayajasikika.

Yalipowafikia Wakumu, kati ya Lubutu na Walikale, yalimkuta Bushiri. Alijitangaza mjumbe wa Yesu. Kwa wafuasi wake alikuwa Mkombozi. Kati ya Januari na Mei 1944 uasi ulienea kutoka Masisi hadi Lubutu. Wazungu walishambuliwa, lakini hawakuwa peke yao. Waafrika walioitumikia serikali, majirani na ndugu wa waasi wenyewe, waliguswa pia. Kisha Force Publique ikaja, na kama ilivyokuwa desturi, waliokufa wengi walikuwa Waafrika. Bushiri alikamatwa. Wafuasi walifungwa, wengine wakahamishwa. Kwa wale iliowaita hatari, serikali ilikuwa na kambi maalumu ya Ekafera, katika jimbo la Équateur.

Msomaji wa Pwani huenda amekwisha kumfikiria Bushiri mwingine. Huyo ni Abushiri bin Salim al-Harthi wa Pangani, aliyepigana na Wajerumani kuanzia 1888 na kunyongwa Desemba 1889. Hawahusiani. Ila huyo wa Pangani ana mahali pake katika vitabu vya shule. Wa Masisi ameachiwa wataalamu.

Faili liko Brussels

Taarifa za maofisa wa wilaya, mahojiano ya mateka na hati za hukumu ziliandikwa na waliouzima uasi, na hifadhi kuu ya koloni iko Ubelgiji. Mwandishi wa Goma anayetaka kusoma jinsi babu yake alivyochapwa viboko anahitaji kwanza viza.

Akifika huko atakutana na tatizo jingine. Maneno ya waasi yaliyomo ni yale waliyoyasema mbele ya mtu mwenye bunduki, yakatafsiriwa, yakaandikwa na karani. Ukiyafanya kuwa mazungumzo ya tamthilia bila kuyachuja, umemkabidhi hakimu wa mwaka 1944 kazi ya kuandika mswada wako.

Televisheni ya Afrika imewahi kuuona mtego huo. Mwaka 1986 shirika la utangazaji la Afrika Kusini, SABC, lilirusha Shaka Zulu, mfululizo wa vipindi 10 ulioongozwa na William C. Faure. Henry Cele, aliyewahi kuwa golikipa, aliigiza Shaka kwa uzito ambao waliomwona hawajausahau. Ulizunguka dunia. Lakini ulitengenezwa na shirika la serikali ya ubaguzi wa rangi, na sehemu kubwa ya hadithi inasimuliwa kwa macho ya Waingereza waliofika katika ua wa mfalme. Mfalme ni Mwafrika, msimulizi ni mgeni. Watazamaji wengi walibaki na ule mwili wa Cele na ngoma za vita, wakaondoka wakiamini wameisoma historia.

Kwa Bushiri njia ya kukwepa mtego huo ipo, ingawa ni ndefu. Mwanahistoria Maurice Lovens alichapisha utafiti wake juu ya uasi wa Masisi na Lubutu mwaka 1974. Nicole Eggers, aliyechapisha kitabu kizima juu ya Kitawala mwaka 2023, hakuishia kwenye mafaili: alikwenda Kongo kuwasikiliza Wakitawala wenyewe. Wapo mpaka leo, na wanayo kumbukumbu yao. Kwao habari hii ina upande wa uponyaji na wa nguvu za kiroho ambao karani wa Kibelgiji asingeweza kuuandika hata angetaka.

Mkombozi wa nani?

Hapa ndipo mjadala wa kumwigiza Bushiri unapokuwa mkali.

Wasanii wana hoja iliyo wazi. Mashariki ya Kongo inazungumza Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za kitaifa, lakini inatazama maigizo ya Kinshasa ya Kilingala, filamu za Tanzania na za Nigeria. Mtu anayeangalia ya wengine siku zote huanza kudhani kwao hakujatokea kitu. Kongo ina Lumumba, ina Kimbangu. Kivu nayo ina wake.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Masisi na Walikale zimejaa watu wenye silaha, na karibu kila mmoja wao amekuja kukomboa. Wazalendo wanakomboa, M23 wanakomboa. Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23. Machi wapiganaji wao walifika Walikale mjini, wakaondoka Aprili. Katika nchi kama hiyo, kurusha vipindi kumi juu ya mtu wa msituni aliyepewa ujumbe na Mungu, akakusanya watu na kuwashambulia watumishi wa serikali, si burudani tupu. Kuna atakayevitazama kama mafunzo.

Kisha kuna swali la kabila, ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini. Bushiri alikuwa Mkumu. Je, Mhunde wa Masisi atamwita shujaa wake? Mnyanga je? Mhutu au Mtutsi ambaye babu yake aliletwa Gishari na Wabelgiji haohao atajiona wapi kwenye hadithi: kwa waliochapwa, au kwa walioletwa na mchapaji? Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi na kuua maelfu. Waliookoka bado ni majirani.

> Je, aliyeletwa Gishari na Wabelgiji atajiona wapi kwenye hadithi?

Wanaosahaulika zaidi ni wajukuu wa kapita. Kila kijiji kilikuwa na mtu wake aliyeshika mizani, aliyeandika majina, aliyepeleka habari kwa Mzungu. Baadhi yao waliuchukia wajibu huo, baadhi waliufurahia. Koo zao zinajulikana. Mwigizaji akivaa kofia ya kapita, mtazamaji wa Masisi hatauliza jina la mwigizaji. Atauliza ni nyumba gani inayosemwa.

Hofu kwamba hadithi inaweza kuamsha chuki haikutungwa mezani. Shirika la La Benevolencija lilikuwa na mchezo wa redio wa Kiswahili kwa mashariki ya Kongo, Kumbuka Kesho, uliotungwa ili kupunguza chuki. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliufuatilia. Sehemu fulani wasikilizaji walipata mchezo peke yake. Kwingine mchezo ulifuatwa na kipindi cha kuwahimiza waujadili. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2010 yanapaswa kusomwa na kila mtayarishaji: waliohimizwa kujadili walizungumza zaidi, lakini wakawa na uvumilivu mdogo zaidi, wakakumbuka zaidi waliyotendewa, na hawakuwa tayari kumsaidia mtu wa kundi wasilolipenda.

Mchezo wenyewe ulikuwa na nia njema. Mimi nalisoma jambo hili hivi: hadithi nzuri haitoshi, na mdahalo baada ya hadithi unaweza kuharibu. Inategemea hadithi inamweka wapi yule unayemchukia.

Mwindo hakuachiwa

Ajabu ni kwamba Walikale ilikwisha kulijibu swali hili kabla televisheni haijabuniwa.

Wanyanga wa huko wana utenzi wa Mwindo, unaosimuliwa, kuimbwa na kuchezwa na fundi mmoja, huku vijana wakigonga mdundo. Mwaka 1956 mtafiti Daniel Biebuyck aliandika masimulizi ya fundi Shé-Kárisi Rureke kwa siku 12. Yeye na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Wasomi wa fasihi wa Marekani na Ulaya wanaufundisha. Nyumbani wapo waliosoma shule mpaka mwisho bila kuusikia.

Mwindo ni muasi. Baba yake, Shemwindo, mtawala wa Tubondo, ametangaza kwamba anataka mabinti tu. Wa kiume auawe. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema, usinga wake mkononi. Baba anamtupia mikuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mtoto anafika kwa shangazi yake, Iyangura, anarudi na jeshi, anaiangamiza Tubondo kwa msaada wa Nkuba, mwenye radi. Baba anakimbilia kuzimu, naye anamfuata huko huko.

Mwandishi wa sinema wa leo angeishia hapo: jeuri ameshindwa, kijana ameshinda, muziki upande. Rureke hakuishia hapo. Mwindo anawafufua waliokufa katika kijiji alichokiteketeza. Baba anarudishwa na kukiri makosa mbele ya baraza, na hauawi. Nchi inagawanywa, nusu ya baba, nusu ya mwana. Kaa kidogo na jambo hilo, wewe unayeishi Masisi: muasi ameshinda vita, na bado anakubali nusu.

Halafu, na hapa ndipo fundi anapoonyesha umahiri, Mwindo mshindi anageuka mwenye majivuno. Anamuua joka Kirimu, ambaye ni rafiki wa kuchanjiana damu wa Nkuba, yuleyule mwenye radi aliyemsaidia. Nkuba anamchukua juu mawinguni mwaka mzima. Huko anapigwa na mvua, jua na baridi, na kuambiwa wazi kwamba amezidi. Anaporudi ndipo anapokuwa mtawala anayefaa, na sheria za kuwapa watu wake.

> Muasi ameshinda vita, na bado anakubali nusu.

Huo ndio ufundi ambao Bushiri anauhitaji. Mtazamaji amwone akiwainua waliochapwa. Amwone pia akiwatisha wasiomfuata. Mpira wa mwaka 1943 uhukumiwe bila huruma, na damu ya jirani iliyomwagwa mwaka 1944 isifichwe nyuma ya ngoma. Ebrahim Hussein alifanya jambo la jinsi hiyo katika Kinjeketile, tamthilia ya jukwaani ya mwaka 1969 juu ya nabii wa Maji Maji: alimweka nabii mbele ya shaka lake mwenyewe, na Tanzania haikupungukiwa na shujaa kwa sababu hiyo. Anayedai Bushiri msafi kama malaika, na anayedai Bushiri mwendawazimu kama alivyoandikwa na Wabelgiji, wote wawili wanataka tamthilia mbovu.

Kamera itasimama wapi?

Hata mswada ukiwa mzuri, hauwezi kupigwa Muheto kesho. Raoul Peck alipotengeneza Lumumba, iliyotoka mwaka 2000, vita vilimlazimisha kupiga filamu yake Zimbabwe na Msumbiji. Tangu wakati huo mashariki ya Kongo haijatulia kiasi cha kumpa mtu bima ya kamera. Nguo za askari wa zamani, magari ya miaka ya 1940, mamia ya watu wa kuigiza umati, vyote vinataka fedha ambazo kituo cha televisheni cha mkoa hakina. Goma ina watu wenye ujuzi, wengi wao wamepitia Yole!Africa, kituo cha sanaa cha Petna Ndaliko Katondolo, ambaye filamu yake Kapita ya mwaka 2020 inazigeuza picha za zamani za wakoloni ziwashitaki wenyewe. Ujuzi upo. Amani na fedha ndivyo havipo.

Ndiyo maana naona kazi ianze kwa redio. Inafika vijijini ambako umeme haufiki, haihitaji kofia ya kapita wala lori la mwaka 1940, na inampa mwandishi nafasi ya kujaribu sauti za pande zote kabla hajazipa sura. Waandishi wawe zaidi ya mmoja, na wasitoke kabila moja. Wakitawala washirikishwe tangu ukurasa wa kwanza. Vipindi vya mjadala visifuatie mchezo mpaka viwe na waongozaji waliofunzwa. Somo la Kumbuka Kesho lilikwisha kulipiwa, hakuna haja ya kulilipia tena.

Lakini kazi moja haiwezi kungoja redio, mfadhili wala amani. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 askari walipoingia Masisi mwaka 1944 leo amevuka 90. Vita vimewatawanya wazee hawa kwenye kambi na kwa jamaa zao, Goma, Bukavu, Kisangani, hata Nakivale nchini Uganda. Kama unaye mmoja nyumbani kwako, chukua simu, mwombe ruhusa, mwulize kuhusu mpira na kuhusu Bushiri, na umnase anavyosema, kwa lugha yake, bila kumsahihisha.